Magari ya Kulinda Nyumba

Fundi tuliyempa kazi ya kupanua nyumba ya baba aligonga ukuta wa chumba cha mbele mara chache tu, kisha akaruka pembeni. Ukuta ulifunguka kama gunia lililochanika, na kokoto zikaanza kumwagika sakafuni, kavu, nyingi, zikitimua vumbi hadi mlangoni.

"Dada, hapa nani alijenga?" aliniuliza huku akijipangusa uso. "Mbona katikati ni kokoto tupu?"

Mdogo wangu Tatu alikuwa amesimama mlangoni. Alizitazama zile kokoto, akaushika mkono wake wa kushoto juu kidogo ya kiwiko, akatoka nje. Arobaini ya baba ilikuwa imepita. Tulikuwa tumeshagawana nguo zake na vyombo vyake vya kazi, tukadhani tumemaliza. Lakini vumbi lile la mawe liliponiingia puani nilirudi kwenye chumba kilekile nikiwa mtoto wa darasa la sita, nimelala kitandani na Tatu, ninasikiliza malori ya barabara ya Morogoro yakipita na kujiuliza ni lipi litakalokuja kutuua.

Wenzangu tuliokulia kandokando ya barabara ile, kule Kibaha, upande wa Mlandizi, mtayakumbuka magari yetu ya utotoni. Bodi la kopo la mafuta ya kupikia, ekseli ya waya, matairi ya ndala zilizokatika, na kamba ya kuvutia. Kila mtoto alikuwa nalo au alikuwa na ndugu aliyekuwa nalo. Kwetu yalikuwepo mazuri kuliko ya mtaa mzima, ila hayakuvutwa kwa kamba na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyagusa. Yalikuwa ya baba.

Baba alikuwa fundi bodi kwenye gereji moja karibu na Mlandizi. Kazi yake ilikuwa kuwafungia watu mabodi ya malori: mbao, vyuma, milango, kuchomelea palipochanika. Kabla sijazaliwa alikuwa dereva jeshini, akaenda vitani mpakani, akarudi. Alichokileta kutoka huko ni koti moja la kijani na tabia ya kukaa akiwa ameegemeza mgongo ukutani. Hakusimulia vita. Wageni wakimuuliza alisema, "Tulikwenda, tukarudi," kisha anauliza habari za shamba.

Kitabu alikinunua Dar es Salaam, kwa wale wanaotandaza vitabu chakavu chini. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limeng'oka, na baba Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya spea. Alikinunua kwa sababu ya picha. Humo ndani mlikuwa na magari ambayo sijapata kuyaona mahali pengine: lori la kawaida limebebeshwa chumba cha zege chenye matundu ya kuchungulia, gari dogo la abiria limevalishwa mabati kuanzia taa za mbele hadi nyuma, na kwa ndani limepigiliwa mbao nene, na lori jingine lililobeba sanduku kubwa la mbao, lenye kuta mbilimbili. Kila gari lilikuwa na michoro ya vipimo, juu, ubavuni, mbele na nyuma. Michoro baba aliielewa bila msaada wa mtu.

Maneno aliniletea mimi. Jioni akitoka kazini ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anakaa kwenye kigoda chini ya dirisha, ananifungulia ukurasa. Mimi nilikuwa na kamusi ndogo ya shule.

"Soma hapa, Zuhura."

Nilifuata mstari kwa kidole. "Gari hili... ni la ulinzi... wa nyumbani."

"Ulinzi wa nyumbani maana yake nini?"

"La kulinda nyumba, baba."

"Nyumba ya nani?"

Nilifikiri kidogo. "Ya mwenye gari."

Baba alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo siku zote alilihisi. Mimi nilijisikia msomi. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba wale Waingereza wa kitabuni, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wakiogopa adui angevuka bahari na kuingia nchini mwao, na kwamba silaha zao nyingi zilikuwa zimepotea ng'ambo, ndiyo maana wenye gereji na maseremala wakachukua malori ya kubebea makaa na mizigo wakayavika chochote walichokuwa nacho. Nyumbani walikosema ni nchi yao nzima. Lakini kwa mtoto wa darasa la sita, nyumbani ni pale unapolala. Nilimtafsiria baba kitabu kizima nikiamini kwamba kinafundisha namna ya kuzuia mtu asiingie kwenye nyumba yako akaiua familia yako. Na kwa kuwa baba alikisoma kwa bidii kiasi kile, nilijua kuna mtu anakuja.

Siku niliyofika kwenye lori la sanduku la mbao, aliniuliza mara mbilimbili.

"Hizo kuta mbili, katikati wameweka nini?"

"Kokoto, baba."

"Na kuta zenyewe?"

"Mbao."

"Mbao gani? Chuma hakuna?"

Nilirudia mstari. "Hawajasema mbao gani. Mbao tu, na kokoto."

"Mbao tu na kokoto," alisema. Alisimama, akaenda kusimama karibu na pipa la maji akiwa ametupa mgongo. Mama alimwita kula, hakuitika. Mama alinitazama mimi na kitabu changu kama vile mimi ndiye niliyemtia maneno mabaya masikioni.

Lori lile kwa Kiingereza lilipewa jina la mnyama. Kamusi yangu ilisema ni mnyama wa nchi za mbali aliyevaa magamba magumu mwili mzima. "Basi huyo ni kakakuona," alisema baba, na tangu hapo tukaliita hivyo. Nilitamani angechagua jina jingine. Bibi mzaa baba aliishi Vihingo, upande wa Kisarawe, na huko kakakuona si mnyama wa kutaja hovyo. Bibi alishatuhadithia kwamba akionekana, wazee humwekea maji, nafaka na panga, kisha huangalia atagusa kipi. Akigusa maji, mvua. Akigusa nafaka, chakula. Akigusa panga, vita. Sasa baba alikuwa anamtengeneza kakakuona mezani kwetu, na panga letu lilikuwa linaning'inia ukutani palepale.

Alimtengeneza kwa uangalifu ambao mpaka leo sijauona kwa mtu mwingine. Lori lote lilienea kwenye viganja vyake viwili. Vipimo vya kitabuni alivigawa kwa rula na penseli ya seremala, akavipunguza vyote kwa kiasi kilekile, ili tairi lisizidi mlango wala mlango usizidi bodi. Kebini aliikata kwenye kopo la maziwa ya unga, akaikunja kwa koleo, akaunga pembe kwa risasi ya kuyeyusha. Harufu ya ile risasi ilikuwa chungu, inakaa kooni. Kuta za sanduku zilikuwa vipande vya boksi la mbao la majani ya chai, amevikwangua kwa wembe mpaka vikawa vyembamba kama kucha. Kokoto alizichekecha kwenye chujio la chai la mama, akazimimina kati ya kuta kwa kijiko kidogo huku akigonga kwa kidole ili zishuke. Nikipumua kwa nguvu karibu yake alisema, "Pole pole, Zuhura, utanipeperushia ukuta."

Likishakamilika aliliacha likauke rangi. Kisha alichukua punje moja ya karanga, akaiweka ndani ya kebini, kwenye kiti cha kushoto. Akaliweka lori juu ya tofali uani, akarudi nyuma, akalipiga kwa manati. Hakupiga kwa jiwe. Alipiga kwa msumari uliokatwa. Alipiga mlango wa kushoto, tena na tena, kisha akaenda kuchungulia ile karanga.

"Na dereva yuko wapi, baba?" nilimuuliza siku moja.

"Dereva hana shida."

Karanga ikiwa imeguswa, aliliweka lile lori kwenye rafu. Kesho yake alianza lori jingine: anazidisha mbao, anapanua nafasi ya kokoto, anaongeza ukuta mdogo nyuma ya mlango. Rafu ikajaa. Majirani wakawa wanakuja kuyaangalia, wengine wakamshauri ayauze kwa watalii. Baba alicheka kwa adabu. Mama hakucheka.

"Baba Zuhura," alimwambia asubuhi moja mbele yetu, "mtu mzima unapiga karanga kwa manati. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema vile vile ninavyowaza mimi."

Halafu akaanza na nyumba. Alileta tofali, akajenga ukuta wa pili ndani ya chumba chetu cha kulala, upande unaotazama barabara, akaacha nafasi ya shubiri moja kati ya ukuta na ukuta. Dirisha aliliziba, akabakisha mwanya wa kupitisha mkono. Kokoto alizileta kidogo kidogo kwa baiskeli kutoka mahali walipokuwa wanatengeneza barabara, na sisi tulimsaidia kuzimwaga kwa sahani. Tatu alikuwa na miaka mitano; kwake ulikuwa mchezo. Mimi nilifanya kazi ile nikiwa nimekaza meno. Chumba kilikuwa na giza saa sita mchana, joto likawa halitoki, na tulilala tukinuka jasho na vumbi la mawe. Sikulalamika. Nilijua ni kwa nini. Nilikuwa nimesoma kitabu.

Nikamfundisha na Tatu. Nilimwambia ukisikia kishindo unalala chini kifudifudi, unafunika masikio, usiniite. Tulifanya mazoezi chini ya kitanda. Nilificha unga kwenye kopo, na kiberiti. Shuleni nilikuwa nikiwatazama wenzangu wakiruka kamba nikawahurumia kwa kutokujua.

Kishindo kilikuja mchana, tena mchana wa kawaida kabisa. Mama alikuwa anaanika nguo, baba alikuwa amerudi kula, sisi tulikuwa tunacheza uani. Lori lililokuwa limepaki upande wa pili wa barabara, limejaa magunia hadi juu, lilipasuka tairi. Ni sauti ambayo mtu yeyote wa Mlandizi ameshaisikia mara nyingi. Lakini sijawahi kuona mtu akienda kasi kama baba alivyokwenda. Alitoka mlangoni ameinama, akanizoa mimi kwa mkono mmoja na Tatu kwa mkono mwingine, akatutupa ndani, nyuma ya ukuta wake, kisha akatulalia juu. Uzito wake wote. Nilisikia moyo wake mgongoni kwangu. Nilisikia pia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika, na mdogo wangu akapiga yowe.

"Tulia, tulia, Hamisi," baba alikuwa anasema. "Usinyanyue kichwa. Hamisi, usinyanyue kichwa."

Kwetu hapakuwa na Hamisi.

Mama ndiye aliyemtoa. Alimvuta kwa shati akilia, akimpiga mabegani, "Ni tairi! Ramadhani, ni tairi tu! Umemvunja mtoto!" Baba aliinuka akamwona Tatu, mkono umepinda pasipopinda mkono. Akautazama mkono ule, akatutazama sisi mmoja mmoja kama mtu anayehesabu waliobaki. Halafu akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani. Mimi, na hili ndilo linaloniuma nikilikumbuka, nilikuwa bado nasubiri. Nilikuwa najiuliza mbona wanapiga kelele wakati adui yuko nje.

Hospitali walimfunga Tatu hogo la chokaa kuanzia begani hadi vidoleni. Mama alipotoka naye hakurudi nyumbani. Alinituma nikachukue nguo zetu, akatupandisha kwenye lori lililokuwa linakwenda kufuata mkaa kwa njia ya Mzenga, tukaenda Vihingo kwa bibi. Baba alisimama barabarani tukiondoka. Hakupunga mkono. Mama alimwambia maneno machache tu kupitia dirishani: "Nyumba yangu umeigeuza ngome. Mimi sirudi kuishi kwenye ngome."

Bibi hakuuliza kitu siku ile. Alituchemshia mihogo, akalala karibu na Tatu. Kesho yake alimtuma kijana wa jirani aliyekuwa anakwenda Mlandizi na baiskeli: amwambie Ramadhani mama yake anamwita, aje mara moja. Baba alikuja asubuhi iliyofuata. Alikuwa amebeba boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake mlikuwa na lori la kokoto, lile la mwisho. Nafikiri hakujua atajieleza kwa njia gani nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye mkeka. Mama yetu alikuwa amesimama mlangoni, hakutoka. Mimi nilikuwa napepeta mchele, na hakuna aliyenifukuza.

"Mtoto umemvunja mkono kwa sababu gani?" bibi alimuuliza.

"Nilikuwa namkinga, mama."

"Unamkinga na nini?"

Baba alifungua boksi, akalitoa lori, akaliweka kwenye mkeka kati yao. Alikaa akilitazama. "Unamkumbuka Hamisi wa Kurui?"

"Aliyekuja hapa na wewe kabla hamjaondoka. Akala mihogo ya sufuria nzima, akaomba ukoko."

"Huyo. Alikuwa msaidizi wangu ndani ya lori. Mimi nilishika usukani, yeye kushoto kwangu."

Ndipo alipoyasema. Aliyasema bila kupandisha sauti, akiwa ameweka kidole kwenye mlango wa kushoto wa lile lori dogo. Walikuwa wanapeleka vifaa vya kutengenezea daraja. Barabara ilikuwa kimya. Risasi ilitoka kwenye migomba, ikapita kwenye mlango wa bati kana kwamba mlango haupo. Yeye hakukwaruzwa hata kidogo. Aliendesha lile lori mpaka mwisho wa safari, Hamisi akiwa pembeni yake, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusimama.

"Unajua tulikuwa tumepakia nini, mama?"

Bibi alilitazama lile lori.

"Mbao. Mbao na kokoto. Lori zima. Zilikuwa nyuma ya migongo yetu. Ningepigilia mbao mbili tu kwenye ule mlango. Ningemwekea gunia moja la kokoto ubavuni. Nilikuwa na nyundo chini ya kiti." Alinigeukia mimi, nikaacha kupepeta. "Huyu amenisomea. Maseremala wa Ulaya, watu ambao vita hawajaviona hata kwa mbali, walikaa wakafikiri: mbao na kokoto. Mimi niliyekuwa ndani ya vita, nimezibeba, sikufikiri."

Nilitazama kiti cha kushoto ambako karanga ilikuwa inakaa. Niliona haya kwa kitu ambacho sikukijua jina lake. Sikuwa nimekosea neno moja tu la kitabu; nilikuwa nimekosea hadithi nzima. Hapakuwa na mtu anayekuja. Yule ambaye baba alikuwa anamjengea alikwisha kufa kabla mimi sijazaliwa.

"Mama yake Hamisi anajua?" aliuliza bibi.

"Jeshi walimpelekea taarifa."

"Sijakuuliza taarifa. Nimekuuliza kama anajua."

Baba alilisogeza lori kidogo kwenye mkeka.

"Tangu urudi hujakwenda Kurui?"

"Nitamwambia nini, mama?"

"Utakwenda kesho. Utakachomwambia utakijua ukifika." Kisha akanielekeza kidole. "Na huyu utakwenda naye, ili usigeuzie njiani."

Tulikwenda kwa baiskeli ya kuazima, mimi nyuma kwenye keria. Palipo na mchanga tulishuka tukasukuma. Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Njiani alisimama mara nyingi: mara mnyororo umelegea, mara anakunywa maji, mara anamuuliza mtu njia aliyokwisha kuuliza. Wakati mmoja alisimama katikati ya mikorosho akakaa pale ameshika usukani wa baiskeli, hasogei. Nilimwambia, "Baba, bibi amesema nisikuache ugeuze." Akatabasamu kidogo, tukaendelea.

Mama yake Hamisi tulimkuta nje ya nyumba yake anabangua korosho. Alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa yale mafuta ya maganda. Alitukaribisha kabla ya kujua sisi ni nani. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa korosho mkononi. Baba aliamkia akabaki amesimama.

"Mama, mimi ni Ramadhani wa Vihingo. Nilikuwa na Hamisi."

Yule mama alitua jiwe lake. "Ulikuwa naye wapi?"

"Kwenye lori. Siku ile."

Alimtazama usoni. "Sasa hivi unakaa wapi?"

"Kibaha, mama. Mlandizi."

"Hapo Mlandizi?" Alionyesha kwa mkono mweusi upande tuliotoka, kama mtu anayeonyesha nyumba ya jirani. "Miaka yote hii uko hapo Mlandizi, na mimi niko hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliambiwa amefia porini. Basi. Nikawa nawaza amekaa porini peke yake, usiku mvua ikinyesha nawaza imemnyeshea. Watoto wa wenzangu wamerudi nikawauliza, hakuna aliyekuwa naye. Kumbe alikuwa na mtu, na mtu mwenyewe yuko Mlandizi."

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Baba alipiga magoti kwenye maganda ya korosho na kanzu yake nyeupe. Alianza kumweleza habari za mbao na kokoto, za mlango, za gunia ambalo hakuliweka. Alikuwa anaharakisha, maneno yanapandana. Yule mama alimsikiliza kidogo, kisha akainua mkono kumzuia.

"Hizo mbao sizitaki," alisema. "Niambie mwanangu. Alisema nini?"

Niliuona uso wa baba. Naamini hata mimi na utoto wangu nilijua jibu ambalo mtu mwema angelitoa hapo. Angesema alimwita mama yake. Angesema alitamka shahada.

"Hakusema kitu, mama," baba alijibu. "Hakuwahi. Alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Nilikuwa nimemtania. Akacheka, kisha ndiyo ikawa vile."

"Ulimtania nini?"

"Ni utani wa vijana, mama. Si wa kusema mbele yako."

"Useme."

Baba aliinamisha kichwa. "Breki za lori zilikuwa mbovu. Nikamwambia breki hizi kama mchumba wako wa Kurui, unamwita leo, anakuja kesho."

Kuku alipita kati yao akidonoa maganda. Halafu yule mama alitoa sauti ambayo kwanza nilidhani ni kilio.

"Mwajuma!" alisema. "Lo, Mwajuma yule! Alikuwa mzito kweli. Ukimtuma maji asubuhi unayapata ya kuoga jioni." Na akacheka, mabega yakimtikisika, mkono mweusi ameuweka mdomoni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata walipomfunga Tatu lile hogo, aliweka paji la uso chini kwenye maganda akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Yule mama alimwacha alie. Alipomaliza kucheka alijifuta kwa ncha ya kanga, akavuta mkeka, akaniambia nisogee kivulini.

"Sasa anza mwanzo," alimwambia baba. "Asubuhi ile alikula nini?"

Tuliondoka jua likiwa limeshainama, na baba alikuwa bado hajamaliza kusimulia. Ilibidi aahidi kurudi.

Ningependa kuwaambia kwamba alipona. Hakupona, si kwa namna hiyo. Mama alikubali kurudi Kibaha kwa sharti moja, dirisha letu lifunguliwe, na baba alilifungua siku hiyohiyo kwa nyundo yake mwenyewe. Ukuta wa ndani aliuacha, na hakuna aliyemwambia auvunje. Hadi uzee wake tairi likipasuka barabarani alikuwa anainama, kisha anatazama huku na huku kama mtu aliyedondosha kitu. Aliendelea kutengeneza magari madogo, mengine nimeyahifadhi, ila hakuyapiga tena kwa msumari. Mkono wa Tatu uliunga vizuri lakini wakati wa masika unamuuma, na kwa miaka mingi hakupenda kukaa na baba chumba kimoja wawili peke yao. Alimpenda. Vyote viwili vilikuwepo, na sisi tulijifunza kuishi navyo bila kuvizungumza.

Kurui alikwenda kila baada ya Idi, na wakati wa kuokota korosho alikwenda kumsaidia yule mama kubeba magunia. Mara nyingine nilifuatana naye. Sikuwasikia tena wakizungumza habari za vita. Walizungumza habari za paa linalovuja, za nguruwe pori wanaomaliza mihogo, za Mwajuma ambaye aliolewa kwingine akazaa watoto wepesi kama umeme. Yule mama alimgombeza baba kama wanavyogombezwa watoto, mbona umekonda, mbona umechelewa, na baba aliinamisha kichwa akisema nisamehe, mama.

Yule mama alifariki nikiwa nimeshaolewa. Tulikwenda wote, hata Tatu. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kama ilivyo ada, kwa hiyo ya makaburini nilisimuliwa na mume wangu. Alisema walipofika walimtafuta mtu wa kushuka kaburini kumpokea marehemu, kazi ya mtoto wa kiume, na Hamisi alikuwa mtoto wake pekee. Wapwa zake walikuwepo, vijana wenye nguvu, wamekwisha kukunja suruali. Yule mkubwa wao akatazama nyuma kwenye watu mpaka alipomwona baba, amesimama mbali chini ya mkorosho. Akamwita kwa jina. Watu wakapisha njia. Baba alivua viatu, akaviweka pamoja, akashuka.